Kosio imelipwa, mbona hatoki?

Ku ofisi yetu ndogo huku Karavia, swali ambalo linarudi zaidi si la mushahara tena. Ni hili: "Makuta yote banatulomba, tulilipa. Mbona bwana hatoki?" Mama anafungua sakoshi, anatoa karatasi, tunaisoma pamoja naye. Mara nyingi ile karatasi si kosio hata kidogo. Ni namba za telefone, ni jina moja la kwanza, ni kiasi cha makuta kilichoandikwa kwa biki, bila muhuri, bila namba ya dosie. Makuta ya "kusukuma dosie". Makuta ya "kumuona mukubwa". Na bwana bado iko ku Kasapa, na siku zinapita.

Tunaandika leo juu ya zile siku. Watu wengi wanafikiri taabu kubwa ya mutu aliyekamatwa ni hukumu. Kwa mufanyakazi wa mine, hukumu mara nyingi inafika nyuma, wakati vitu vingine vimekwisha kuharibika: kazi, nyumba, masomo ya watoto. Kinachoharibu ni kungoja.

Tuanze na sheria ya kazi, juu wengi wetu hatuijui upande huu. Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika artikle 57, inasema kufungwa kwa mufanyakazi kunasimamisha kontra. Kusimamisha si kuua: hakuna kazi, hakuna mushahara, lakini kontra ingali inapumua. Halafu tusome artikle 60. Pale wanasema: mufanyakazi akifungwa, patro anaweza kuvunja kontra bila kumulipa kitu cha kumuaga, kisha miezi 3, au kama mufanyakazi anahukumiwa kifungo kinachopita miezi 2. Soma vizuri, ndugu. Ile miezi 3 si ya mutu aliyehukumiwa. Ni ya mutu aliyefungwa, basi. Ata kama hakuna juje aliyefungua dosie yake.

Sasa tuchukue kitabu cha pili, kile cha procédure pénale, dekre ya tarehe 6 Agosti 1959, ya wakati wa Wabelgiji, ambayo wamerekebisha mara kazaa lakini mwili wake ni ule ule. Polisi wana masaa 48, siyo zaidi. Katiba yenyewe inasema hivyo katika artikle 18. Kisha masaa 48, ni kumuachilia mutu au kumupeleka ku parke. Magistra wa parke akiona kuna dalili kali za kosa, anaandika mandat d'arrêt provisoire, ile tunaita MAP. Kama juje iko mu muji ule ule, na hapa Lubumbashi iko, wanapaswa kumufikisha mbele yake katika siku 5. Juje wa tribunal de paix anasikiliza mu chumba kilichofungwa, na akikubali afungwe, ordonansi yake ina nguvu ya siku 15. Zikiisha, anaweza kuongeza mwezi moja, tena mwezi moja, tena mwezi moja. Kwa makosa yenye kifungo cha miezi 6 na kupita, kama wizi ambao unaweza kufika miaka 5, kuongeza kunaishia mara 3. Zaidi ya hapo, ni juje mwenye kesi tu anaweza kuongeza, tena katika odiansi ya wazi mbele ya watu.

Chukua biki, hesabu nasi. Siku 2 za polisi, siku 5 za MAP, siku 15 za ordonansi ya kwanza, miezi 3 ya kuongeza. Inafika siku 112 hivi. Hapo hakuna aliyechelewa ata saa moja. Polisi walifanya kazi, parke ilifanya kazi, juje alifanya kazi, kila muhuri ulipigwa siku yake. Na bado mufanyakazi amepoteza kontra toka wiki 3 nyuma, juu miezi 3 ya artikle 60 ilikwisha mbele ya siku 112. Sheria mbili, hakuna aliyezivunja, na baba wa nyumba hana tena kazi.

Hiyo ni hesabu ya karatasi. Tuone hesabu ya kweli.

Mwenzetu moja, fundi wa mashini ya kusaga mawe, alikamatwa ku kampuni moja ya shaba na kobalti. Kampuni hatutaitaja, na ofisi zilizoshika dosie yake vilevile hatutazitaja. Kesi ingali mbele ya juje. Walinzi wa kampuni walisema wamekuta vipande vya kable ya shaba mu mufuko wake, karibu na fasi ya kubadilishia nguo. Yeye anasema mufuko si wake. Sisi wa sendika hatusemi aliiba wala hakuiba. Hiyo ni kazi ya juje. Kazi yetu ilikuwa kuhesabu.

Siku ya kwanza alilala ku posti ya walinzi. Ule usiku hauko mu karatasi yoyote. Masaa 48 yalianza kuhesabiwa asubui polisi walipomupokea. Siku ya 4 akafika ku parke, wakaandika MAP. Kwa sheria, siku ya 9 alipaswa kuwa amekwisha kumuona juje. Alimuona siku ya 20. Walituambia magistra iko mu misio, halafu gari ya kupeleka wafungwa haina esanse, halafu juje iko mu formasio. Tulirudi kila siku, na kila siku kulikuwa sababu ambayo ilikuwa ya kweli. Hilo njo linachosha: hatukukuta mutu mubaya wa kumukasirikia. Tulikuta ofisi ambamo kila mutu anamungoja mwingine.

Ordonansi ya siku 15 iliisha siku ya 34. Siku ya 35, ku Kasapa, alikuwa mufungwa bila karatasi. Bibi yake alienda kumutafuta ku mulango, juu tulimuambia siku zimeisha. Wakamujibu kwamba gereza halifungui mulango kwa kuhesabu kalenda. Linafungua kwa karatasi ya kutoka, na karatasi haijafika. Iliyofika, siku ya 43, ni ya kuongeza mwezi moja.

Avoka wetu alikuwa amelomba liberte provizwari toka siku ya 26. Aliandika ku parke. Hakuna jibu. Siku ya 61 parke ikatuma dosie ku tribinali, na hapo tukaingia mu kipindi ambacho wafungwa wenyewe wanakiita "dosie iko mu njia". Ukienda ku parke wanakuambia: si yetu tena, ulizeni tribinali. Ukienda ku tribinali, grefie anafungua rejista, anatafuta, anafunga: bado hatujapokea. Kati ya zile nyumba mbili unaweza kwenda kwa miguu na kurudi mbele bukari haijapoa. Dosie ilichukua siku 17.

Odiansi ya kwanza ilikuwa siku ya 85. Mushaidi wa kampuni hakufika, wakaahirisha. Avoka akasimama, akalomba liberte provizwari mbele ya tribinali, akatoa karatasi ya makao, akaonyesha watoto wanasoma hapa, kontra ya kazi ya miaka 11. Tribinali ikakubali siku ya 97. Kosio ikawekwa kesho yake. Siku ya 101 akatoka, amekonda, na ukurutu mu mikono.

Barua ya kampuni ya kuvunja kontra ilikuwa na tarehe ya siku ya 93. Siku 8 tu mbele ya kutoka. Ukizitafuta zile siku 8 utazipata bila taabu: ziko mu siku 17 za njiani, ziko mu siku 11 za kungoja juje, ziko mu barua ya avoka iliyokosa jibu.

Kuna wenzetu, tena mafundi wazuri, wanatuambia tunalinda wezi. Wanasema: kable ikiibiwa, mashini inasimama, prime inapotea, na walinzi wanatuvua nguo sisi wote ku mulango. Ni kweli, tunajua, na sisi tunavuliwa. Lakini kulomba mutu angoje hukumu yake akiwa nyumbani si kusema hakuiba. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, artikle 17, imeandika kwamba uhuru wa mutu ni kanuni, na kufungwa ni jambo la pembeni. Na kwamba kila mushitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Inchi yetu imetia sahihi pia ku mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za raia na za siasa, ambayo artikle 9 inakataza kufanya kifungo cha kungoja hukumu kiwe desturi. Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi: Katiba yao ya 2010, artikle 49, inampa mushitakiwa haki ya kutoka kwa dhamana yenye masharti ya kadiri, na ni serikali ndiyo inapaswa kuonyesha sababu nzito ya kumuzuia. Kwetu mambo ni kinyume, kwa matendo. Ni familia njo inaonyesha sababu, tena kwa magoti.

Artikle 18 inasema pia kitu kidogo ambacho tungependa kukibandika ku kila mulango wa kasho: mutu aliyekamatwa aelezwe sababu katika luga anayoisikia. Kiswahili ni moja ya luga 4 za taifa. Lakini proseverbali inaandikwa kwa Kifransa, inasomwa mbio mbio, na mutu anaambiwa "tia sahihi hapa". Tulimuona mwenzetu aliyetia sahihi ku karatasi iliyosema "nakubali", naye alifikiri anasaini kwamba wamemurudishia mukaba na telefone. Kama husikii, sema husikii. Lomba wasome kwa Kiswahili. Kukataa kutia sahihi kitu ambacho hukusikia si kosa. Na avoka anaweza kukaa pembeni yako toka ku polisi, si ku tribinali tu. Hiyo iko mu artikle 19.

Sasa liberte provizwari yenyewe. Watu wanaisema kila siku lakini kila mutu na maana yake. Ni hivi: juje anakubali kwamba kuna sababu za kukufunga, lakini anakuacha ukae inje, kwa masharti. Sharti la kwanza ni kuweka kosio, makuta ambayo yanashikilia kwamba utafika kila siku wakikuita. Masharti mengine anaweza kuongeza: ukae mu muji fulani, usipite mupaka fulani bila ruhusa, usikanyage fasi fulani, usionane na watu fulani, uende kujionyesha kwa magistra siku fulani za juma. Kwa mutu wa mine hapo kuna mutego. Mutu anatoka ku Kasapa na njaa ya miezi 3, rafiki anamuambia kuna kazi Kolwezi, kilometre 300 na kitu, anapanda basi. Ijumaa magistra anamungoja, hayuko. Wanaandika amekimbia. Kosio inapotea na anarudishwa ndani, na mara hii hakuna atakayesikiliza avoka wake. Ukitaka kwenda, lomba ruhusa kwa maandishi, ngoja jibu kwa maandishi.

Kuna pia kitu ambacho ni kizuri kuliko liberte provizwari na ambacho watu hawalombi: mainlevée. Pale wanaondoa kifungo chenyewe, hakuna kosio. Kama siku 15 zimepita bila ordonansi mupya, kama dalili za kosa zimeanguka, avoka alombe hiyo kwanza. Avoka wengine wanakimbilia kosio juu mutumishi anaipenda kosio. Tusiseme zaidi.

Nani anayejibu? Hapa njo familia nyingi zinapoteza mwezi muzima, juu wanagonga mulango ambao si wenyewe. Mbele tribinali haijashika kesi, unalomba kwa magistra wa parke, yeye mwenyewe ana uwezo wa kumuachilia mutu kwa masharti. Ao unalomba kwa juje wa tribunal de paix, siku ile anasikiliza habari ya kufunga ao kuongeza. Kisha tribinali kushika kesi, parke haina tena neno la mwisho. Unalomba ku tribinali ile ile. Na kama juje amekataa, kuna apeli, lakini muda wake ni mufupi sana. Mwambie avoka siku ile ile, usingoje Jumatatu. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kila unapofika ku grefe si "atatoka lini?". Ni "dosie iko ku nani leo, na namba yake ni ngapi?" Namba ya parke inaanza na RMP, namba ya tribinali ya makosa inaanza na RP. Bila RP, kesi haijafika ku tribinali, ata wakikuapia.

Kuna kifungu kimoja ambacho wafungwa wa zamani wanakijua kwa kichwa: kama siku za kungoja zimefikia kifungo kikubwa zaidi ambacho sheria inatoa kwa kosa lile, mushitakiwa anapaswa kuachiliwa palepale. Inaonekana ni muzaha, nani angengoja muda ule? Enda ku Kasapa uulize.

Turudi ku makuta, juu pale njo machozi. Kosio inawekwa ku grefe, kwa kiasi ambacho ordonansi imetaja, na inatoka na resi yenye muhuri. Si malipo. Si bei ya kumununua mutu. Kama alifika kila mara walipomuita, inarudi, ata kama kisha walimuhukumu. Lakini bila resi hairudi, na mutu ambaye alipokea bila resi hajapokea kosio, amepokea kitu kingine chenye jina lingine mu kode pénal. Kuna pia amende transactionnelle, ambayo polisi ao parke wanaweza kukuambia ulipe ili kesi iishe. Ile hairudi, na hauko na lazima ya kuikubali. Tumeona familia inalipa amende ikifikiri ni kosio, halafu inakuja mwaka nyuma kudai makuta yake. Hayako.

Kiasi cha kosio juje anakiamua mwenyewe. Hapo avoka anapaswa kuonyesha bulletin de paie, idadi ya watoto, nyumba ya kupanga. Kosio ya dola nyingi kwa mutu asiye na mushahara toka miezi 2 ni kumukatalia kwa adabu. Mama moja wa Karavia aliuza frigo, akauza mashini ya kushona ambayo ilikuwa inalisha watoto toka bwana amefungwa. Alipata nusu. Ile nusu ikaisha mu taxibus na chakula cha ku gereza.

Juu chakula, kila mutu wa Lubumbashi anajua. Kasapa ilijengwa mwisho wa ukoloni kwa wafungwa wapata 800, na toka miaka mingi wamo zaidi ya mara 2 ya ile hesabu. Anayengoja hukumu na aliyehukumiwa wanalala chini moja. Mufungwa bila familia anakula anachoachiwa. Bibi wa Karavia ambaye anapeleka bukari na sombe mara 3 mu juma hafanyi kazi nyingine zile siku, na ile gharama haiandikwi mu dosie yoyote. Kuna na hatari nyingine kuliko njaa. Mwezi wa Septemba 2020 fujo ililipuka ku Kasapa, wafungwa wakashika sehemu ya gereza kwa siku 3, na wanawake waliofungwa pale wakabakwa. Tarehe 2 Septemba 2024, ku Makala, Kinshasa, gereza la watu 1500 ambalo lilikuwa limejaa mara nyingi zaidi, serikali yenyewe ilihesabu wafu 129 katika jaribio la kutoroka: 24 kwa risasi, wengine kwa kukanyagana na kukosa pumzi. Wengi wa waliokuwa ndani ya Makala walikuwa hawajahukumiwa. Mutu wa kable, mutu wa deni, mutu aliyetukana shefu wa kartie.

Tunafanya nini sisi? Kwanza, toka mwaka jana tunafungua kaye kwa kila mwenzetu aliyekamatwa: tarehe ya kukamatwa, saa, fasi, nani alimushika mbele ya polisi, tarehe ya MAP, tarehe ya ordonansi, siku inaisha. Delege wa ekipe yake njo analinda kaye. Siku 3 mbele ordonansi haijaisha, anampigia avoka. Ni kazi ya mutoto wa shule, lakini avoka moja alituambia ile kaye imemusaidia kuliko hotuba zetu zote. Pili, tunatayarisha karatasi za makao: attestation de résidence ya kartie, attestation de service kama kampuni inakubali kuitoa, bulletin za watoto. Juje anaogopa mutu atakimbia; muonyeshe mizizi yake. Tatu, asiye na makuta ya avoka aende ku baro ya Haut-Katanga, ofisi ya konsiltasio ya bure. Sheria ya 1979 juu ya baro inawalazimisha kuwa nayo. Foleni ni ndefu, avoka ni vijana, lakini tumeona vijana wale wakisimama vizuri kuliko wakubwa wenye gari.

Lakini hiyo yote ni kukimbiza siku. Kitu chenyewe kiko ku meza ya kampuni. Artikle 60 inasema patro "anaweza". Haisemi "anapaswa". Hakuna kampuni iliyolazimishwa kuandika barua siku ya 93. Basi tunalomba neno moja liingie mu konvansio kolektive, siku tutakaa tena kuzungumuza: kwamba kontra haivunjwi kwa artikle 60 kwa mutu ambaye hajahukumiwa, kama kuchelewa hakutoki kwake, na kwamba akiachiliwa kwa kukosa ushahidi anarudi ku fasi yake. Kampuni zitasema haziwezi kushika fasi ya mutu mwaka muzima. Sawa, waandike miezi 6. Kutoka 3 hadi 6 ingekuwa imeokoa mwenzetu na wengine ambao kaye zao ziko mu kabati yetu. Na kitu kingine, cha bure: kampuni ambayo imemushitaki mutu itume mushaidi wake siku ya odiansi. Aliyeandika mashitaki hawezi kukosa kufika, halafu akahesabu zile siku alizozichelewesha yeye mwenyewe juu ya kichwa cha mushitakiwa.

Kuna bishano lingine ambalo halijaisha, na tunaliweka hapa juu delege wengine walijue. Miezi 3 inaanza lini? Kampuni inahesabu toka siku mutu alikosa kazi. Sisi tunasema kufungwa kunaanza na karatasi ya magistra; usiku wa ku posti ya walinzi na masaa ya ku polisi si kifungo, ni kushikwa. Inatofautiana siku 3 ao 4. Ni kidogo, lakini barua ya siku ya 93 ingeanguka ama isianguke kwa zile siku. Mambo hayo yanapita kwanza kwa Inspection du travail, kwa upatanisho, mbele ya kwenda ku Tribunal du travail. Usiruke Inspection, kesi itarudishwa.

Mwenzetu wa mashini ya kusaga mawe tumemupeleka pale. Inspekta amepokea barua, ameita pande mbili. Mara ya kwanza kampuni ilituma mutu asiye na uwezo wa kusaini, basi wamepanga siku nyingine. Kesi ya kable nayo imeahirishwa tena, mushaidi yule yule. Kila Ijumaa asubui anaenda kujionyesha ku parke, kisha anarudi kuuza inite za telefone karibu na ruti ya hoteli. Kosio ingali ku grefe. Resi, bibi yake ameifunga mu sashe, ameiweka pamoja na karatasi za kuzaliwa za watoto.